Watoto 38, Coaster mbili na maji yanayojaa: uchambuzi wa safari moja ya Bagamoyo

Likizo ya Juni ikikaribia, na tena kuelekea Krismasi, vijana wa makanisa mengi jijini Dar es Salaam huchanga fedha ili kuwatoa kwa siku moja watoto wanaolelewa kwenye makao ya watoto: baharini, kwenye bustani ya wanyama, au Bagamoyo. Kisa tunachokichambua hapa kimeunganishwa kutoka mambo yanayojirudia katika safari za aina hiyo, kwa hiyo hakuna usharika wala makao yanayolengwa. Bagamoyo na bahari yake ni vile vilivyo.

Watoto walikuwa 38, umri wa miaka 5 hadi 15, wa makao yaliyo upande wa Goba. Vijana wa usharika waliojitolea walikuwa 14, na walezi wa makao watatu. Jumla watu 55 katika Coaster mbili za viti 30 kila moja, pamoja na gari dogo la mzee wa kanisa lililofuata nyuma kwa ajili ya dharura. Siku ilikuwa Jumamosi. Hakuna aliyeumia, na watoto walirudi wakiimba. Lakini kwa dakika 30 mtoto wa miaka 9 hakuwa mbele ya macho ya mtu mzima yeyote wa msafara, huku maji yakijaa, na kwa dakika 15 za mwanzo hapakuwa na aliyejua kuwa hayupo. Uchambuzi huu unaeleza jinsi msafara uliopangwa vizuri kuliko mingi ulivyofika hapo. Jibu linaanzia kwenye fulana.

Fedha zilivyogawanywa

Michango ilifika shilingi 2,750,000. Mabasi yalichukua 900,000. Fulana 52, za watoto na vijana wote, kwa shilingi 12,000 kila moja, zikala 624,000. Chakula cha mchana na kupika, 610,000. Mahali pa kukaa ufukweni penye kivuli, vyoo na jiko, 200,000. Uji wa asubuhi, maji na matunda, 190,000. Viingilio na waongozaji, 150,000. Dawa za huduma ya kwanza, kamba na vifaa vidogo, 70,000. Ukijumlisha utaona akiba iliyobaki: shilingi elfu sita.

Bei hupanda na kushuka, lakini uwiano huu utaukuta kwenye daftari za vikundi vingi, na fulana ndizo zinazopaswa kukutia shaka. Ziligharimu kuliko chakula cha mchana. Mgongoni ziliandikwa jina la usharika na maneno "Siku ya Yatima". Kati ya watoto 38, walezi walisema 27 wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wapo makao kwa sababu ya umaskini, ugonjwa, ugomvi wa nyumbani au amri ya mahakama. Mtoto mwenye mama yake Mbagala anavalishwa neno yatima, kisha anatembezwa nalo mjini. Mlezi mkuu alilalamika kwa upole, akaambiwa zimeshachapwa.

Kama kuna haja ya kuwatambua watoto kwenye umati, kitambaa cha rangi kilichofungwa mkononi kinatosha: mita chache za kitenge cha bei nafuu, rangi moja kwa kila kundi. Ile 624,000 ingekuwa akiba. Ingekodi basi la tatu asubuhi ile basi moja lilipochelewa.

Kabla ya siku

Upande huu vijana walifanya vizuri, na inafaa kueleza walivyofanya kwa sababu wengi huuruka. Wiki tano kabla, barua ilipelekwa kwa mkuu wa makao, na nakala kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Makao ya watoto Tanzania husajiliwa na kusimamiwa chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka wajibu wa malezi kwa makao, hauhami kwa kikundi cha kanisa kwa sababu tu kimeleta basi. Kwa hiyo walezi lazima wasafiri, na neno la mwisho kuhusu mtoto yeyote ni lao.

Walezi walitoa orodha ya watoto yenye umri na mambo ya afya, bila maelezo ya maisha yao. Ndivyo inavyotakiwa. Kijana aliyejitolea hahitaji kujua kwa nini mtoto yuko makao. Anahitaji kujua kwamba ana pumu na dawa yake ya kuvuta iko mfuko gani. Orodha ilionyesha watoto wawili wenye selimundu, mmoja mwenye kifafa, mmoja mwenye ualbino, na watatu ambao walezi waliandika tu "dawa saa 2 asubuhi, mlezi atatoa". Hao watatu hakuna aliyeuliza zaidi, na hakuna aliyepaswa kuuliza. Watoto wawili walikuwa na mashauri yanayoendelea, hivyo wasipigwe picha kabisa.

Mtoto wa selimundu anaweza kucheza baharini, lakini uchovu, kiu na baridi ya kukaa na nguo mbichi vinaweza kumwamshia maumivu makali. Anapewa maji kila nusu saa hata kama hajaomba, na nguo kavu mara tu anapotoka majini. Mwenye ualbino alivaa shati la mikono mirefu na kofia pana, akapakwa mafuta ya kukinga jua, ambayo hurudiwa kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini. Moshi hutengenezwa mafuta maalumu kwa ajili ya watu wenye ualbino. Makao yalikuwa nayo tayari. Wengi wanachosahau ni shingo ya nyuma na juu ya masikio.

Kati ya watoto wale, 11 walikuwa Waislamu. Pwani ni jambo la kawaida, na kikundi cha Kikristo kinapaswa kulitarajia. Nyama ilinunuliwa buchani, ambako uchinjaji hauna utata. Mtego mara nyingi uko kwenye kuku wanaotolewa na waumini na kuchinjwa uani na yeyote aliye karibu. Sala ya chakula ilikuwa fupi, na hakuna mtoto aliyelazimishwa kuitikia. Kwaya ilitaka kipindi cha mahubiri ufukweni. Mchungaji akakikataa, akisema watoto wamealikwa kutembea na si mkutano wa injili. Siku yenyewe nayo ilichaguliwa baada ya kuuliza: Ijumaa ingewaudhi hawa, Jumapili wale, na Jumamosi ilikuwa na madrasa kwa watoto wanne, wakaombewa ruhusa kwa ustadhi wao.

Makundi yalikuwa sita: manne ya watoto sita na mawili ya watoto saba. Kila kundi lilikuwa na kiongozi mmoja na msaidizi mmoja. Vijana wawili waliobaki walishika dawa na chakula. Kila mtoto alikuwa na mwenza wake. Mkononi walifungwa utepe wenye namba ya simu ya kiongozi wa kundi, bila jina la mtoto. Jina halifai kuandikwa, kwa sababu mgeni anayemwita mtoto kwa jina lake huaminiwa haraka. Kasoro ilikuwa namba moja tu, tena ya simu ambayo mwenyewe alitarajia kuitumia siku nzima kupigia picha. Tutalirudia.

Basi la saa 1 lililofika saa 2:20

Watoto waliamshwa saa 10 alfajiri. Walikunywa uji saa 12, wakakaa kwenye benchi na viatu vyao. Coaster ya kwanza ilifika saa 1 kasorobo. Ya pili ilifika saa 2:20, kwa sababu dereva alikuwa ameshapokea kazi nyingine ya kushusha abiria alfajiri. Ndivyo basi la kukodi linavyochelewa mara nyingi: mwenye gari anauza asubuhi moja mara mbili. Dawa yake ni kulipa nusu tu mwanzoni, kuandika muda wa kuwa getini na si muda wa kuondoka, na kulala na uhakika wa gari mbadala ambalo mwenyewe ameshapigiwa simu. Gari mbadala huhitaji akiba, na akiba ilikuwa mgongoni mwa watu, imechapwa.

Kuchelewa kulileta na njaa. Uji wa saa 12 ulikuwa umeshashuka. Vijana wakahurumia, wakagawa maandazi na soda ndani ya basi. Kabla ya Bunju watoto watano walikuwa wametapika. Mtoto asiyezoea gari hutapika kwa sababu mwili unahisi mwendo ambao macho hayauoni. Aliye dirishani anayetazama mbali hupona. Aliyekaa katikati akitazama kiti cha mbele yake, huku tumbo likiwa na mafuta na gesi, hana ujanja. Ndizi, vipande vya mkate mkavu na maji kidogokidogo vingetosha. Mifuko ya kutapikia ilikuwepo, lakini kwenye buti, chini ya mizigo.

Dereva alitaka kufidia muda. Mzee wa kanisa alimpigia simu kutoka gari la nyuma na kumkumbusha kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu na 50 kwenye makazi. Kuanzia Tegeta, Bunju, Mapinga hadi Bagamoyo ni makazi karibu njia nzima. Walifika saa 4:35.

Saa ile ya kwanza

Hapa ndipo siku ilipopinda. Ratiba ya mwanzo ilisema hivi: kufika saa 2:45, misheni ya zamani ya Wakatoliki saa 3 hadi 4:30, bahari saa 4:30 hadi 6:30, chakula, michezo ya kivulini, kuondoka saa 9:30. Aliyeipanga aliijua bahari. Siku ile ilikuwa ya bamvua, yaani maji hupwa na kujaa kuliko siku nyingine, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 jioni. Kwa hiyo kuanzia saa 4:30 watoto wangekuta mchanga mpana ulio wazi, vidimbwi vyenye kaa na samaki wadogo, na maji yaliyo mbali na ya vifundoni. Hakuna kiwanja cha michezo kinachoshinda hicho kwa mtoto wa miaka 6.

Msafara ulifika saa 4:35, dakika chache tu baada ya kupwa kufika mwisho. Yaani kwa bahati, bahari ilikuwa kwenye hali nzuri kuliko zote. Kilichotakiwa ni kugeuza ratiba: bahari kwanza hadi saa 6, chakula kivulini, kisha misheni mchana, ambako kuna miti mikubwa na jengo la makumbusho lenye ubaridi. Badala yake viongozi walishika karatasi. Ilianza na "ufunguzi", kisha "misheni", na hivyo ndivyo ilivyofuatwa, hadi chakula kikaitangulia bahari.

Tena ufunguzi wenyewe ulikuwa makabidhiano. Unga, sabuni, madaftari na nguo vilipangwa juu ya mkeka. Watoto wakasimamishwa mistari miwili juani. Mwenyekiti wa vijana akasema, mzee akasema, mwakilishi wa wafadhili akasema, mtoto mmoja akashukuru kwa niaba ya wenzake kwa maneno aliyokaririshwa, zikapigwa picha. Dakika 50, kuanzia saa 4:50 hadi saa 5:40. Watu wanaoisoma Mathayo 6, ile ya mkono wa kushoto kutojua ufanyalo wa kulia, ndio hao hao walioomba mstari wa nyuma usogee ili bango lionekane.

Unga na sabuni havina shida. Pa kuvipeleka ni stoo ya makao, siku nyingine, kwa hati ya mapokezi. Nguo zilileta taabu zaidi kwa kuwa hazikulingana. Mmoja alipata raba mpya, mwenzake sweta lililotoboka. Walezi waliamua ugomvi wa raba hadi saa 4 usiku. Siku ya matembezi mtoto arudi na kitu kile kile alichopata kila mwenzake, au asirudi na kitu.

Misheni

Misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Roho Mtakatifu, na inahesabiwa kuwa ya kwanza ya Kanisa hilo upande wa bara wa Afrika Mashariki. Vijana hawa walikuwa Walutheri, na hilo halikumsumbua mtu. Mwongozaji aliwatania kidogo, basi. Kisa cha Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, kiliwakamata watoto wakubwa: watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walibeba mwili wake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, zaidi ya kilomita 1,500, wakafika hapa Februari 1874, ukalala usiku mmoja kwenye mnara wa kanisa kabla ya kuvushwa Zanzibar. Maswali yalikuwa ya maana. Walikula nini njiani? Nani alibeba zamu ya usiku? Kwa nini hawakumwacha?

Lakini makumbusho ile inaeleza pia biashara ya utumwa, na misheni yenyewe iliwapokea watu waliokombolewa, wakiwemo watoto. Kwa mtoto wa miaka 12 ni historia anayopaswa kuijua. Kwa wa miaka 6 aliyeachwa makao miezi minne iliyopita, picha za watoto waliotenganishwa na mama zao si historia. Mlezi mmoja aliliona hilo mlangoni, akawageuza wadogo wote 15 kuelekea kwenye mbuyu. Ulikuwa uamuzi bora wa siku, na haukuwa kwenye ratiba.

Mbuyu ule ulipandwa na mapadri. Inasimuliwa kwamba mwaka 1895 bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, alifunga punda wake hapo kwa mnyororo, na mnyororo ukasahauliwa shinani. Mti ukanenepa ukaumeza. Leo kimebaki kipande kifupi kinachochungulia kwenye gome, na kukifikia inabidi ukitafute. Watoto 15 walizunguka shina wakikitafuta kwa vidole, wakapata, wakabishana punda alienda wapi. Mmoja alisema mti umemla. Mwongozaji hakuwasahihisha. Walikaa hapo dakika 40 bila mtu mzima kuwapangia lolote, na walezi walipowauliza wiki iliyofuata nini wanakumbuka, mnyororo ulitajwa kabla ya bahari.

Chakula

Kamati ilitaka pilau lipikwe Goba saa 9 usiku na kubebwa kwenye mahotipoti. Mama aliyesimamia jiko akakataa katakata, na alikuwa na haki. Wali uliopikwa ukakaa vuguvugu saa nyingi huotesha bakteria wanaoacha sumu isiyoondoka hata ukiupasha tena; mtu huanza kutapika ndani ya saa moja hadi sita. Ama chakula kibaki cha moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, ama kiliwe ndani ya saa mbili. Hotipoti inayofunguliwa kila mara na mpakuaji haifikii hapo. Na kama pilau lile lingetengwa kwa kuliwa saa 6:30, kuchelewa kungelisogeza mpaka saa 7:30, zaidi ya saa tisa tangu liive.

Alitangulia Bagamoyo na gari la mzigo wa dawa na vyombo, akapika palepale: mchele kilo 8, nyama kilo 7, viazi kilo 4, kwa watu 55. Mchele alitia maji alipopigiwa simu kwamba basi limeondoka misheni. Kachumbari ilikatwa dakika ya mwisho. Nyama ilikatwa vipande vilivyohesabiwa, vitatu kwa mtoto, na waliopakua walikuwa watu wawili tu, ili asije mmoja akapata mfupa na mwenzake akapata mnofu. Sahani za wadogo zilianza. Kunawa kulifanyika kwa madumu mawili ya lita 20 yenye bomba na sabuni ya maji. Maji ya kunywa yalikadiriwa lita moja na nusu kwa kila mtu, yaani lita 83, na yakaisha saa 9:30. Kwa joto la pwani, panga lita mbili.

Baharini saa 8:20

Fanya hesabu ambayo wavuvi huifanya bila kalamu. Maji yakichukua takriban saa sita kujaa, hayapandi sawasawa. Gawa mpando wote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Siku ile yalipwa saa 4:20. Nusu ya mpando wote ilitokea kati ya saa 6:20 na saa 8:20, wakati watu wazima wako misheni na mezani. Watoto walipoingia majini saa 8:20, ule ufukwe wa asubuhi haukuwepo tena. Zilibaki robo ya mpando na ukanda mwembamba wa mchanga.

Kamba ya mpaka, iliyofungwa madumu matupu ili ielee, ilitandikwa kwenye kina cha magoti ya mtoto mfupi kuliko wote. Kanuni hiyo ni nzuri. Lakini bamvua hapa hupanda mita tatu na zaidi, na katika saa ya tano ya mpando hiyo ni kama sentimita 50 kwa saa moja. Baada ya nusu saa, maji ya magotini yangekuwa yanakaribia kiuno cha mtoto wa miaka 5 palepale aliposimama, bila yeye kusogea hatua. Kamba inapaswa kusogezwa kila dakika 15, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu.

Ratiba iliweka watu wazima wanne upande wa bahari, wamesimama majini wakitazama nchi kavu, ili mtoto yeyote anayekwenda kwenye kina awakabili. Saa 8:25 walikuwa wawili. Wengine walitoka kupiga picha, kwa nia njema kabisa, kwa sababu watoto walikuwa wanafurahi kuliko wakati wowote wa siku. Kiongozi wa kundi moja la watoto saba naye alikuwa kati ya waliotoka. Msaidizi wake alikuwa amekaa na mtoto mwenye kifafa kivulini. Kiongozi huyo akamwambia mwenzake wa kundi la jirani, "Niangalizie hawa." Hakusema ni wangapi. Jirani hakuhesabu. Kuanzia hapo watoto saba walikuwa chini ya macho ya mtu aliyedhani ni sita.

Wa saba alikuwa mvulana wa miaka 9. Mwenza wake alikuwa amelala ndani ya basi tangu chakula, tumbo likimuuma, na hakuna aliyempangia mwenza mwingine. Alikuwa ameona ngalawa zikirudi. Akazifuata kando ya maji hadi soko la samaki, kama mita 400.

Saa 8:40 mlezi aliona maji kwenye kamba yameshapita magoti, akaamuru wote watoke na wahesabiwe. 37. Yule wa basini alishahesabiwa, kwa hiyo pungufu lilikuwa la kweli. Walifanya sawasawa: wawili wakaingia majini palepale kupita mstari mzima, wawili wakaenda kulia, wawili kushoto, mmoja chooni, mmoja kwenye mabasi, waliobaki wakaketisha watoto kimakundi wakiwaimbisha. Baharini unaanza na maji, hata kama moyo unakuambia mtoto yuko chooni, kwa kuwa majini dakika tatu ni nyingi.

Sokoni, mama muuza samaki alikuwa ameshamwona, akamuuliza ametoka wapi, akasoma namba kwenye utepe na kupiga. Alipiga mara nne. Simu ilikuwa imezimwa sauti ili mlio usiharibu video. Akafunika ndoo yake, akamshika mtoto mkono, akamrudisha kwa miguu. Saa 8:55.

Hakuna sheria mpya inayohitajika hapa, kuna nne ndogo zilizopuuzwa pamoja. Kukabidhi watoto ni kuwahesabu kwa sauti mbele ya anayepokea: "Nakuachia saba," naye anajibu saba. Mwenza akiugua, jozi inaundwa upya dakika hiyo. Utepe unabeba namba mbili, moja ikiwa ya mlezi ambaye hapigi picha. Na mpiga picha awe mmoja, asiye na kundi, mwenye orodha ya wasiopigwa. Wengine simu zao zikae kwenye mfuko mmoja.

Kurudi, na wiki iliyofuata

Waliondoka saa 10:30, wakafika Goba saa 12:50 jioni, giza limeshaingia. Mlezi aliandika tukio la mtoto kupotea usiku uleule na kulipeleka kwa Afisa Ustawi wa Jamii Jumatatu, kabla halijasikika kwa njia nyingine. Vijana wengine waliona haya. Ripoti hiyo ndiyo iliyofanya makao yakubali kuwapokea tena. Walezi pia waliwakumbusha watoto wakubwa namba 116 ya bure ya msaada kwa mtoto, kama kuna lolote lililotokea siku ile wasiloweza kumwambia mtu wa makao. Ni utaratibu mzuri baada ya watu wapya 14 kushinda na watoto.

Jambo moja lilichukua muda kupoa. Kijana mmoja, wakati wa kuagana, alimwambia msichana wa miaka 12 aliyekuwa analia kwamba atakuja Jumapili. Hakuja. Msichana alikaa karibu na geti Jumapili mbili. "Tutaonana" ni neno jepesi kwa mtu mzima anayepanda basi. Kwa mtoto wa makao ni tarehe. Wajitoleaji waambiwe kabla: semeni asante kwa siku ya leo, ishieni hapo.

Kikao cha tathmini kilikaa makao, na watoto wanne wakubwa walialikwa. Wao waliomba mambo mawili: wasisimamishwe mstari, na wapewe muda mrefu mahali pamoja badala ya kuzungushwa. Safari inayofuata imepangwa kwa watoto 20 tu, Coaster moja, vijana wanane, bila fulana na bila zawadi. Wengine 18 wataenda mwezi unaofuata. Asilimia 15 ya fedha ni akiba. Tarehe imechaguliwa kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo maji hujaa karibu saa 4 asubuhi na kupwa taratibu hadi saa 10 jioni: mchana kutwa yanarudi nyuma, tena kwa tofauti ndogo. Misheni itakuwa asubuhi, mbuyu kwanza. Vijana watatu kati ya 14 wamekubali kwenda makao kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kusaidia kazi za shule, na majina yao matatu ndiyo pekee yaliyotajwa kwa watoto.